Waraka ni Nusu ya Kuonana: Jibizano la Washairi na Zama za Hesabu ya Sifa

Wahenga walisema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Methali hii hutajwa mara nyingi kwa ajili ya faraja iliyomo ndani yake: aliye mbali akipokea barua ya mpendwa wake, hujiona kama aliyemtia machoni. Upungufu uliomo ndani yake hautajwi sana. Ikiwa waraka ni nusu, basi kuna nusu nyingine inayokosekana. Na nusu hiyo haikamilishwi na waraka wa pili wa mtu yuleyule, wala na wingi wa watu waliouona ukipita njiani. Hukamilishwa na jibu.

Ushairi wa Kiswahili umeishi ndani ya methali hiyo kwa sehemu kubwa ya historia yake. Mengi yameandikwa juu ya vina na mizani, juu ya tenzi za dini na za vita, juu ya athari ya Kiarabu na mizizi ya Kibantu. Lakini kabla ya hayo yote kuna jambo jepesi ambalo ni rahisi kusahauliwa: shairi lilikuwa na anayepelekewa, na huyo alitazamiwa kujibu. Leo shairi linalotiwa katika mtandao wa kijamii alfajiri laweza kufika adhuhuri limekusanya mamia ya alama za kupendwa, na lisipate hata ubeti mmoja wa kulijibu. Je, mtunzi wa shairi hilo amepata zaidi kuliko waliomtangulia, au amepunjwa? Swali hili halijibiki kwa kuilaani simu, wala kwa kuisifu. Latakiwa kwanza kurejea nyuma na kutazama ni kitu gani kilichowaridhisha washairi wa kale, na ni kitu gani kilichowafunganisha na wenzao.

Hasimu aliyesikiliza

Mfano ulio karibu ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye wataalamu hukadiria kuwa aliishi baina ya mwaka 1776 na 1840. Muyaka alikuwa upande wa Mazrui, watawala wa Mombasa, katika miaka ambayo mji huo ulikuwa ukigombana na Lamu na kuvutana na Sayyid Said wa Omani. Alitunga juu ya siasa na vita, akatunga pia juu ya mapenzi, ufukara, urafiki na hila za watu wa mjini. Ndiyo maana husemwa kwamba yeye aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Kauli hiyo ina ukweli, ila yafaa kuongeza kwamba sokoni hapana anayesema peke yake. Anayetaja bei hujibiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Mombasa na Pate waliikabili Lamu katika vita vinavyojulikana kwa jina la Vita vya Shela, na pia Vita vya Kuduhu. Kabla ya silaha, na baada yake, mashairi yalivuka bahari. Watu wa Mombasa walipeleka vijembe na vitisho. Watu wa Lamu, akiwamo kiongozi wao Bwana Zahidi Mgumi, walirejesha majibu. Mwaka 1995 Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyakusanya mashairi ya mgogoro huo katika kitabu walichokiita Mashairi ya Vita vya Kuduhu. Anayekisoma hukuta jambo la kustaajabisha: watu waliokuwa tayari kuuana walisomana kwa makini ambayo marafiki wengi wa leo hawasomani.

Sababu ya makini hayo ni sharti za jibizano lenyewe. Anayejibu hufuata bahari ya aliyeanza. Akianziwa kwa shairi la mizani kumi na sita hajibu kwa utenzi wa mizani minane. Aghalabu huyapokea maneno ya mwenziwe, au vina vyake, au kituo chake, akaigeuza maana yake imwelekee mwenyewe aliyeyasema. Na aliyeanza akiwa amefumba, atakayejibu hana budi kulifumbua fumbo kwanza, kwani ajibuye asichokielewa huchekwa na miji yote miwili. Kwa hiyo jibu, hata likiwa la matusi, lilikuwa ushahidi kwamba shairi limesikilizwa neno kwa neno. Muyaka aliyeshindana na watu wa Lamu alikuwa na wasikilizaji wa hakika ng'ambo ya pili, na hapana shaka alilijua hilo.

Yafaa jambo hili litiliwe mkazo, maana mazungumzo ya leo juu ya uhusiano wa kweli huelekea kuufanya uonekane kuwa ni upole mtupu. Wazee wa pwani hawakuuelewa hivyo. Uhusiano ulipimwa kwa jinsi mtu alivyojishughulisha na neno la mwenziwe. Malumbano yaliweza kuwa makali, yakavunja heshima, yakatia fitina. Yapo majibizano yaliyobeba chuki ya wazi na dharau ya ukoo. Hapana haja ya kuyapamba. Ila kitu kimoja hayakuwa nacho, nacho ni kutojali.

Jambo la pili katika habari za Muyaka ni namna tungo zake zilivyosalimika. Yeye hakuchapa kitabu. Alipofariki mashairi yake yalibaki katika vifua vya watu na katika karatasi za hapa na pale. Katika miaka ya 1880 Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa, aliyakusanya na kuyaandika kwa hati ya Kiarabu, akisaidiana na mmisionari wa Kiingereza, W. E. Taylor, ambaye aliyapokea pamoja na maelezo yake. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi za Taylor zikaishia katika maktaba ya chuo kimoja cha London, na mwaka 1940 William Hichens akatoa Diwani ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy huko Johannesburg. Karne nzima ilipita tangu kifo cha mshairi mpaka kitabu chake. Kilichoyavusha mashairi hayo ni watu waliyoyahifadhi kwa ghibu kwa sababu yaliwafaa, wakayatumia katika maneno yao wenyewe, kisha wakamsomea mwalimu aliyekuwa na subira ya kuyasikiliza.

Msomaji mmoja

Upande wa pili wa historia hii hauna soko wala hasimu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alitunga utenzi wa nasaha kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, na baada ya miaka michache alifariki. Utenzi wenyewe ni wa beti mia na kidogo. Hakuutunga kwa ajili ya watu wa Pate, wala wa Lamu, wala wa chuo kikuu. Aliutunga ili mtoto mmoja apate wosia wa mama yake baada ya mama kuondoka.

Wanawake wa visiwani waliupenda, wakaunakili kwa mkono na kuuhifadhi, na kwa njia hiyo ukaenea. Alice Werner na Hichens waliuchapa mwaka 1934. Tangu hapo umefasiriwa, umefundishwa na umebishaniwa sana, hasa juu ya nafasi ya mke mbele ya mume, na mabishano hayo ni ya haki. Ila nguvu ya utenzi huo haitokani na ukubwa wa hadhara yake ya leo. Yatokana na mwanzo wake: sauti ya mtu anayemjua anayesema naye, anayejua umri wake, nyumba yake na hatari zitakazomkabili. Wasomaji waliofuata walikuwa kama wageni waliosikia mazungumzo ya mama na mwana kupitia dirishani, wakaona kwamba maneno yale yanawahusu na wao.

Shaaban Robert wa Tanga, aliyeishi baina ya 1909 na 1962, aliifuata njia hiyohiyo. Miongoni mwa tungo zake zilizodumu ni Utenzi wa Hati, aliomtungia binti yake Mwanjaa, na Utenzi wa Adili, aliomtungia mwanawe Hussein. Na huyu ndiye mwandishi wa Kiswahili aliyesifiwa kuliko wote wa wakati wake. Katika muda wa miaka 27, tangu 1931 hadi 1958, alikuwa pia akimwandikia barua ndugu yake Yusuf Ulenge; barua hizo zilichapishwa mwaka 2002 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa jina la Barua za Shaaban Robert 1931–1958. Jina lake lilipokuwa likikua magazetini na mashuleni, yeye aliendelea kukaa mezani, akishika kalamu kwa ajili ya msomaji mmoja. Sifa za umma hazikuchukua mahali pa ndugu. Inaelekea alijua kwamba hivyo ni vitu viwili mbalimbali, na kwamba kimoja hakilipi deni la kingine.

Gazeti na kipimo cha ndani

Hadhara kubwa iliingia katika ushairi wa Kiswahili kabla ya intaneti, na iliingia kwa mlango wa gazeti. Mambo Leo, jarida lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika, lilitenga nafasi ya mashairi, na kwa mara ya kwanza mtunzi wa Tanga aliweza kujibiwa na mtunzi wa Tabora ambaye hawajapata kuonana. Baada yake yalifuata magazeti mengine, pamoja na redio. Washairi walijipa lakabu za fahari, wakashindana, wakaulizana mafumbo, wakasutana. Wapo waliotafuta jina kuliko neno, na wenzao hawakuwafichia: waliwakumbusha kwamba kizuri chajiuza, na kibaya chajitembeza. Tamaa ya kuonekana, kwa hiyo, haikuletwa na simu. Ni ya zamani kama kioo.

Lakini gazeti lilikuwa na mambo mawili yaliyoizuia tamaa hiyo isimeze kila kitu. La kwanza ni muda. Mambo Leo lilikuwa likitoka mara moja kwa mwezi. Aliyepeleka shairi alingoja wiki nyingi kabla ya kujua kama limepokelewa, na aliyetaka kumjibu alingoja vilevile. Katika kungoja huko mtunzi hakuwa na la kufanya ila kuendelea na kazi, na mjibuji hakuwa na la kufanya ila kulisoma shairi tena. Hasira ilipata nafasi ya kupoa, na jibu likapata nafasi ya kuiva.

La pili ni kipimo. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alitoa kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kizazi kilichofuata kilizigombania sheria hizo. Katika miaka ya 1970 wako waliosema kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi, wakachapa diwani zao kuthibitisha neno lao. Ugomvi huo una historia yake. Ila kwa mtunzi wa kijijini, aliyekuwa hana mwalimu wala shahada, kitabu cha Sheikh Amri kilimpa kitu chenye thamani: njia ya kulipima shairi lake mwenyewe usiku, kwa taa ya kibatari, kabla ya mtu yeyote kuliona. Aliweza kuhesabu mizani kwa vidole vyake. Aliweza kujua kwamba kina cha kati kimelegea. Na alipolinyoosha mpaka likasimama, furaha aliyoipata ilikuwa imekwisha timia. Mhariri angelikubali au angelikataa, furaha ile haikurudi nyuma.

Shairi lisilo na msomaji

Kama yuko anayetaka kujua furaha hiyo yaweza kwenda umbali gani, na atazame habari ya Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alihukumiwa kifungo kwa sababu ya waraka wa kisiasa ulioitwa Kenya: Twendapi?, na akakaa gerezani hadi mwaka 1972. Muda mwingi aliwekwa peke yake. Hakuruhusiwa kuandika. Akatunga, na akaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, na tungo hizo zikatoroshwa nje. Zilichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la mkuu wa serikali ileile iliyomfunga.

Mtu aliye katika hali ile hana hadhara. Hajui kama karatasi zitafika, wala kama atakayezisoma atapatikana. Hata hivyo mashairi ya Sauti ya Dhiki hayakulegea katika ufundi. Vina vimekaa mahali pake, lahaja ya Kimvita imetunzwa, mafumbo yamefungwa kwa uangalifu. Aliyafanya hivyo kwa sababu kuyafanya hivyo kulikuwa ndiyo kazi yenyewe, na kazi hiyo ilikuwa kitu kimoja ambacho mlinzi hakuweza kumnyang'anya.

Kuna jambo jingine katika diwani hiyo linalostahili kutajwa. Moja kati ya mashairi yake makubwa, Mnazi: Vuta N'kuvute, ni majibizano ya ndugu wawili, Alii na Badi, wanaogombania mnazi. Mfungwa aliyenyimwa mtu wa kusema naye alitunga sauti mbili, akazipa kila moja hoja zake, akaziacha zijibizane. Kumbe hata upweke wa seli haukuiondoa desturi ya Muyaka. Ulimfanya mshairi awe pande zote mbili. Hapo raha ya ufundi na haja ya mwenzio vilikutana katika karatasi moja, na ni vigumu kuvitenganisha.

Mwaka 2009

Vyombo viliendelea kubadilika, na ushairi ukavipanda vyote. Huko Lamu, katika uchaguzi wa miaka ya 1970, mashairi ya siasa yaliyoitwa kimondo yalighaniwa, yakarekodiwa katika kaseti, yakazungushwa mitaani. Upande mmoja ukitoa kaseti yake, upande wa pili ulitoa ya kuijibu. Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, maarufu kwa jina la Mau, aliyezaliwa Lamu mwaka 1952, alitunga nasaha zake katika miaka hiyohiyo, na kaseti zikazifikisha katika nyumba ambazo kitabu hakikuingia. Sauti ya mghani ilisikika jikoni na barazani, na waliosikia walikuwa watu wa mji mmoja, waliojuana kwa majina.

Kisha ukaja mwaka 2009, ambao wanahistoria wa utamaduni wa pwani watapaswa kuutia alama. Hapo kale, mwaka 1879, waya wa simu za maandishi ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden mpaka Unguja, na kisiwa kikaunganishwa na ulimwengu. Lakini waya ule ulilipiwa kwa neno, na aliyeutumia aliyapima maneno yake. Baada ya miaka 130 nyaya za namna nyingine zilifika. Katika mwaka 2009 waya wa SEACOM ulianza kazi ukishuka Mombasa na Dar es Salaam, na waya wa TEAMS ukaunganisha Mombasa na Fujairah katika Ghuba. Mwaka huohuo WhatsApp ilianzishwa huko Marekani. Na tarehe 9 Februari ya mwaka huo, Facebook ilitia chini ya kila andiko kitufe cha dole gumba, na pembeni yake hesabu ya waliokibonyeza.

Kwa hiyo watu wa pwani walipopata njia pana ya kufikiana, waliipata pamoja na mizani iliyokwisha wekwa juu yake. Mizani hiyo haikupima vina wala maana, wala haikumwuliza msomaji kama amefika ubeti wa mwisho. Ilipima vidole.

Si kwamba watu wa kale hawakuwa na ishara za kupenda. Katika taarabu, tangu zamani, msikilizaji aliyeguswa na wimbo huinuka, akaenda mbele na kumtunza mwimbaji. Anatoa fedha yake mwenyewe, na anaonekana na ukumbi mzima. Pengine majirani hujua mara moja ni neno gani lililomgusa na ni nani aliyekusudiwa. Ishara hiyo ina gharama na ina uso. Dole gumba la kwenye simu halina gharama yoyote, na kwa sababu hiyo yule anayelipokea hajui afanye nini nalo. Hawezi kulijibu. Anaweza kutamani jingine tu.

Wanasaikolojia walikwisha onyesha hatari ya jambo hili kabla ya kuwapo kwa mitandao. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake, katika shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford, waliwachagua watoto waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti chenye nyota na utepe wakichora. Wengine walipewa cheti hichohicho bila ya kuahidiwa. Wengine hawakupewa kitu. Siku kadhaa baadaye watoto wote waliachwa wafanye watakalo. Wale walioahidiwa zawadi walichora kwa muda wa kama nusu tu ya ule wa wenzao. Zawadi iliyokuja ghafla haikudhuru. Iliyodhuru ni ile iliyotangulia mbele ya kazi na kuwa sababu yake. Kuchora kuligeuka kuwa njia ya kupatia cheti, na cheti kilipoondoka, njia nayo ikaachwa.

Mshairi kijana wa leo yumo katika hali ya watoto wale. Anatunga huku hesabu ikimngoja. Shairi la kina likipata madole ishirini, na ubeti wa kubembeleza ukapata mia tatu, hahitaji mwalimu wa kumwambia la kufanya kesho. Polepole fumbo huachwa, maana fumbo hutaka msomaji asimame. Lahaja huachwa, kwa sababu huwazuia wengi. Na shairi refu huachwa kabisa. Wako walioinama kwenye njia hiyo, na wako walioacha kutunga kwa sababu hesabu iliwaambia kwamba hawafai, ilhali hapana mtu hata mmoja aliyelisoma shairi lao akasema hivyo. Hii ndiyo hasara yenyewe, nayo ni kubwa kuliko kupotea kwa bahari fulani au msamiati fulani. Mtunzi anatupa kipimo alichoweza kukishika kwa vidole vyake mwenyewe, anapokea kipimo kilicho mikononi mwa wasiomsoma. Wenye mitandao nao walikuja kuiona kasoro: tangu 2019 Instagram ilijaribu kuficha hesabu hizo katika baadhi ya nchi, na mwaka 2021 ikamwachia kila mtumiaji hiari ya kuzificha. Kitufe chenyewe hakikuondolewa.

Kurudi kwa jibu

Pamoja na hayo, dhuluma itafanyika ikiwa historia itakomea hapo. Simu ileile imelifufua jibizano mahali ambapo lilikuwa limeanza kuzimika. Yapo makundi ya washairi katika WhatsApp ambamo mmoja hutia ubeti baada ya sala ya isha, na kabla ya kulala wenzake watatu wamekwisha kuupokea kwa vina vyake. Mzee aliyeko Muscat, ambaye familia yake iliondoka Unguja baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, hughani kwa sauti yake, na mjukuu wa ndugu yake aliyeko Michenzani akamsikia alivyovuta kituo. Safari iliyokuwa ikingoja kaskazi na kusi sasa huchukua muda wa kuvuta pumzi. Muyaka angeliona jambo hilo angelistaajabu, kisha bila ya shaka angelitafuta wa kumchokoza.

Tofauti baina ya makundi hayo na uwanja wa madole haiko katika chombo. Iko katika idadi na katika wajibu. Kundi lina watu ambao majina yao yajulikana. Asiyejibu kwa siku tatu huulizwa hali. Atakayekosea mizani hukosolewa, wakati mwingine kwa ukali, lakini hukosolewa na mtu aliyehesabu. Hapana anayeweza kupata sifa humo pasi na kusomwa, na hapana anayeweza kusoma kweli asiguswe na kutaka kusema neno. Hivyo ndivyo malumbano yalivyokuwa tangu zamani.

Ukitazamwa mlolongo wote huu, tangu jahazi la Vita vya Shela hadi skrini ya mkononi, yaonekana kwamba mshairi wa Kiswahili amekuwa akiishi kwa riziki mbili. Ya kwanza aliipata kabla ya mtu yeyote kuliona shairi lake, katika saa ile ambayo mshororo uliogoma ulinyooka. Hii ndiyo iliyomlisha mfungwa. Ya pili aliipata pale mtu mwingine alipoyachukua maneno yake, akayageuza, akamrudishia. Hii ndiyo iliyowalisha watu wa Mombasa na Lamu hata katika uadui wao. Sifa ya umma ilikuja juu ya hizo mbili kama kitoweo, na wako walioikosa kabisa wasipungukiwe. Mwana Kupona alikufa hajui kwamba utenzi wake utatoka nje ya kisiwa.

Kwa kawaida mzigo wa hali ya leo hutwikwa mtunzi: aambiwe asitamani sifa, afunge simu, avumilie. Lakini methali ya waraka inamtaja mtu wa pili. Mwalimu Sikujua hakuwa Muyaka; alikuwa msomaji wake, aliyekuja baada ya miaka mingi, akakaa na kila mshororo mpaka akauelewa na kuweza kuueleza. Bila ya yeye, sehemu kubwa ya mashairi yale isingalikuwapo. Ushairi wa pwani haujapungukiwa na watunzi katika zama hizi. Wamejaa kila mtaa na kila kiganja. Unaowapungukia ni akina Sikujua. Mpenzi wa ushairi anayesoma shairi jioni ya leo, likamgusa au likamkera, ana deni kwa aliyelitunga, na deni hilo halilipwi kwa kidole. Hulipwa kwa ubeti mmoja, ukiwa na vina vya mwenyewe. Na asiyejua kutunga hulilipa kwa barua ya mistari mitatu, yenye kutaja ni neno gani lililomsimamisha, na kwa nini.